Amani ya Muheza na familia: wanyama wapo, ila sio wale mliozoea kwenye tivii

Swali limetoka kwa baba mmoja wa Dar, nalifupisha: "Shule zikifunga mwezi wa sita nataka kuwapeleka familia Amani, Usambara ya mashariki, mimi na mke wangu, watoto wawili wa miaka 8 na 12, na mama yangu mzazi ambaye magoti yanamsumbua. Mke wangu anataka bahari, mimi nataka mlima. Jamaa mmoja kazini kaniambia nisipoteze hela, Amani hamna wanyama, ni miti tu na mvua. Ni kweli? Na kama tukienda tupange vipi?"

Ndugu yangu, huyo jamaa wa kazini kasema kweli nusu. Miti ipo na mvua ipo, tena ya kutosha. Ila habari ya wanyama kaikosea kwa sababu alienda akitafuta Mikumi, akapita na gari, kioo kimefungwa, akala chipsi kwenye kopo, akageuza. Ukienda Amani hivyo kweli utaona miti tu. Nimefanya kazi kwenye misitu ya Tanga muda mrefu na watu wanaorudi wamenuna wote huwa na kisa kimoja, walilala usiku mmoja au hawakulala kabisa, wakataka kufika kila mahali, wakatembea mchana wa saa saba. Kwa hiyo jibu langu fupi ni nendeni, ila laleni usiku tatu mlimani, tembeeni kidogo kidogo, na angalieni vitu vidogo. Halafu usiku mbili za mwisho shemeji apewe bahari yake, na hapo hamna ugomvi maana Muheza ndo njiapanda, huku unapanda Amani na huku unashuka Pangani. Mlima uwe wa kwanza. Mkianza na bahari hao watoto hamtawatoa majini, na nguo za matope zinafuliwa vizuri zaidi mkiwa pwani kwenye jua kuliko kule juu ambako soksi inakaa kwenye kamba siku mbili na bado mbichi.

Sasa hao wanyama. Tembo hamna, simba hamna, twiga hamna, watoto waambieni mapema kabisa ili wasije wakawauliza kila kona. Usambara ni sehemu ya mnyororo wa milima unaoanzia Taita kule Kenya ukashuka hadi Udzungwa, wataalamu wanauita Tao la Mashariki, na upepo wa Bahari ya Hindi unaileta mvua pale mwaka mzima hata wakati tambarare za chini zimekauka. Kwa hiyo msitu umedumu miaka mingi sana bila kukatika na umejitenga na misitu mingine, vinyonga na vyura wa mlima mmoja hawawezi kuvuka ule ukame kwenda mlima mwingine, basi kila mlima ukaishia na viumbe wake. Kuna chura mdogo pale Amani anayezaa watoto walio hai kabisa, vyura kamili wadogo kama punje, hamna mayai kwenye bwawa wala viluwiluwi. Mtoto wa miaka 12 anayesoma sayansi darasani kuhusu hatua za ukuaji wa chura mwonyesheni huyo, mwalimu wake atapata kazi muhula ukianza.

Kitu ambacho mimi ningekilipia kabla ya kingine chochote ni matembezi ya usiku. Sio ya mbali, hata nusu kilomita inatosha, pembeni ya barabara ya magari, mkianza saa mbili hivi giza likishashika. Kila mtu na tochi yake, tochi ya simu haifai, inamulika karibu tu na chaji inaisha. Kinyonga mchana humwoni hata akiwa mbele ya pua yako, ila usiku anapolala anapauka, anakuwa mweupe mweupe, na anapenda kulala mwishoni kabisa mwa kitawi chembamba, mkia kaukunja, ili nyoka akija tawi litikisike aamke. Ukimulika kwenye majani yale ya kijani yeye anang'aa. Mkibahatika mtamwona dume mwenye pembe tatu usoni, huyo jina lake la kisayansi limetokana na Derema, hapo hapo jirani na Amani. Ila anayewaacha watu midomo wazi ni yule mdogo, kinyonga wa majani makavu, mzima anaenea kwenye kidole chako, rangi ya jani lililooza, hata mishipa ya jani kajichora ubavuni. Mwongozaji atakuonyesha kwa kidole na bado utamwambia sioni, na yeye atakwambia angalia tena, na utaangalia tena, na hutaona mpaka asogeze jicho moja. Msimguse wala msimng'oe kwenye tawi kwa ajili ya picha, mkimshusha usiku anapata shida kurudi.

Usiku huo huo mtasikia kelele za ajabu juu ya miti, kama mtu anakabwa, inaanza polepole inapanda inapanda halafu inakatika. Huyo ni perere, ndugu yake pimbi, ila anaishi mitini. Mnyama mwenyewe ni mdogo tu ana manyoya kama sungura. Wambie watoto kabla hawajaenda kulala, la sivyo wote watahamia kitanda chenu saa nane usiku. Na komba wapo, hao macho yao yanarudisha mwanga mwekundu, mtawaona wakiruka tawi hadi tawi.

Asubuhi ndo zamu ya mbega na kima. Mbega wa pale ni weusi wenye nywele nyeupe ndefu mabegani, wakiruka zile nywele zinapepea. Wanaanza kutembea jua likigusa vilele, kwa hiyo saa kumi na mbili na nusu muwe nje na chai ya chupa mkononi, sio saa tatu baada ya mayai na chapati. Hondohondo wale wakubwa mtawasikia kabla ya kuwaona maana mbawa zao zinavuma, na huyu ndege ana kesi yake pale. Kuna mti unaitwa Maesopsis, asili yake ni huko upande wa Ziwa Victoria, ukaletwa kupandwa, hondohondo akapenda matunda yake, akala akasambaza mbegu msitu mzima, na sasa uko kila mahali panapopata mwanga, unaizuia miti ya asili kurudi. Wapenda ndege wanakuja kutoka Ulaya hadi pale kutafuta kandege kadogo ka kahawia kanakoishi kwenye mimea inayotambaa, na chozi wa Amani, na bundi wa Usambara, hao siwaahidi, kuwaona kunataka uvumilivu ambao mtoto wa miaka 8 hana. Mwezi wa sita mna bahati moja lakini, baridi ikikolea juu baadhi ya ndege wa mlimani wanashuka chini hadi maeneo ya Sigi, basi mnaweza kuwaona bila kupanda sana.

Ukitembea kimyakimya kwenye njia yenye majani makavu mtasikia chakachaka, chakachaka, halafu kitu chekundu na cheusi kinapita kasi. Huyo ni sange, wengine wanamwita njule, ana pua ndefu anachakurachakura majani akitafuta wadudu. Msimkimbilie. Simameni tu, dakika kumi bila kuongea, mara nyingi anarudi palepale. Dakika kumi za kimya na watoto najua ni mtihani, wapeni shindano nani atanyamaza zaidi.

Nimesema Sigi, ngoja nieleze ramani. Ukitoka Muheza unapita mashamba ya machungwa na minazi, unafika Kisiwani, halafu geti la hifadhi pale Sigi, ambapo zamani ilikuwa stesheni ya reli ndogo ya Wajerumani iliyokuwa ikishusha magogo. Hapo bado ni chini, joto lipo, mto Zigi unapita, na ndo maji hayohayo wanayokunywa watu wa Tanga mjini. Kutoka Sigi barabara inapanda kwa kona hadi Amani kwenyewe, mita 900 na kitu juu ya usawa wa bahari, hewa inabadilika kabisa, sweta linatoka kwenye begi. Hifadhi yote inaanzia karibu mita 190 hadi mita 1,130 hivi, ndo maana ndani ya siku moja mnaweza kuwa kwenye msitu wa joto na msitu wa ukungu.

Kwa bi mkubwa mwenye magoti mimi ningepanga hivi, yeye Sigi na Amani bustanini, nyie wengine mpande kilima cha Mbomole. Sigi kuna njia karibu na mto, hazina mlima mkali, na kwenye miamba yenye kivuli na unyevu mwongozaji atawaonyesha kale kaua ka zambarau, majani yana manyoya, katikati njano. Saintpaulia. Mwaka 1892 ofisa mmoja wa Kijerumani aliyekuwa akitawala huku, Walter von Saint Paul-Illaire, alimpelekea baba yake huko kwao, mwaka uliofuata likapewa jina la familia yao, na leo limejaa madirishani Ulaya na Marekani kwenye vikopo, watu wanalimwagilia hawajui hata Muheza iko wapi. Wanasayansi siku hizi wamelihamishia kundi lingine la Streptocarpus lakini waongozaji wa Amani wote bado wanaliita Saintpaulia na mimi niko upande wao. Mama akiliona kwenye jiwe lake, linakua bila kopo wala mbolea, atafurahi kuliko kumpandisha kilele. Ila msiling'oe. Kila mgeni akichukua kamoja jiwe linabaki tupu, na muuzaji wa maua Dar anauza la kitalu, mnunulieni hilo.

Amani juu ni ya kutembea kwa starehe. Wajerumani walianzisha pale kituo cha utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902, wakapanda miti kutoka kila kona ya dunia, ndo bustani inayoonekana mpaka leo, mikafuri, mikwinini, mianzi minene, miti ya mpira. Waingereza wakaendeleza. Na hapa kuna jambo ambalo watu wengi wa Tanga wenyewe hawalijui, kuanzia miaka ya 1930 watafiti pale Amani, Storey na Nichols, walichanganya muhogo na mti wa jamii yake unaotoa mpira ili wapate muhogo unaostahimili ugonjwa wa batobato, na mbegu nyingi za muhogo zilizokuja kupandwa Afrika baadaye zina damu ya hapo. Baada ya Vita Kuu ya Pili kituo cha kilimo kikahamia Muguga Kenya, Amani ikapokea utafiti wa malaria ambao sasa uko chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Nyumba za zamani bado zipo, paa za bati jekundu, mabomba ya moshi ya kuotea moto, zingine zimechoka. Bi mkubwa anaweza kuzunguka hapo na fimbo yake asubuhi nzima, kuna barabara ya magari isiyo na mteremko mkubwa, na akichoka anakaa.

Mbomole ni kilima karibu na makao makuu ya hifadhi, mtoto wa miaka 8 anafika bila kubebwa mkitembea taratibu, na juu ukungu ukifunguka mnaona matuta ya chai na msitu na nyanda zinavyoshuka kuelekea pwani. Ukungu usipofunguka hamtaona kitu, na mwezi wa sita hilo linatokea, kwa hiyo msiweke Mbomole siku ya mwisho, wekeni nafasi ya kurudia.

Mwongozaji chukueni, hata kama njia unaiona. Hapo msibane bajeti. Vijana wa vijiji vya pale wamefundishwa, wana macho ambayo wewe na mimi hatuna, na hela inabaki kijijini. Mwambieni siku ya kwanza kabisa kwamba hamtaki kufika mbali, mnataka kuona, maana wageni wengi wanapenda kuhesabu kilomita na yeye atadhani na nyie ni walewale, atawakimbiza. Ulizeni pia habari za wafugaji wa vipepeo wa kijiji cha Fanusi. Wanakijiji wanafuga vipepeo, walikuwa wakiuza mabuu yakiwa yamefunga kwa bustani za maonyesho za nje, biashara nzuri tu, mpaka serikali ilipozuia kusafirisha wanyamapori hai mwaka 2016 na wao wakaingia humohumo na vipepeo vyao. Waulizeni kama wanapokea wageni kipindi hicho, watoto wa umri huo wanapenda sana kuona kipepeo anatoka.

Mkipita vijijini salimieni. Mtaona iliki, mdalasini, pilipili manga, karafuu, nunueni hapohapo. Na kama maongezi yakifika kwenye mipaka ya hifadhi sikilizeni zaidi kuliko kuongea, kuna familia upande wa Derema zilitoa mashamba ya iliki ili vipande vya msitu viunganishwe na habari ya fidia bado inaongelewa majumbani. Mgeni akija kuwaambia watunze mazingira inakera.

Usafiri. Dar mnapanda basi la Tanga mnashuka Muheza, au gari lenu kupitia Chalinze na Segera. Muheza mpaka Amani ni zaidi ya kilomita 30 na sehemu kubwa ni vumbi, ambalo mwezi wa sita mwanzoni bado linaweza kuwa tope maana masika haijaisha moyoni. Gari dogo la chini mimi nisingelipandisha na bi mkubwa ndani. Aliye na gari la juu apande, asiye nalo akodi Muheza gari la watu sita saba mwenee na mizigo, bei kubalianeni kabla, na semeni wazi kama ni kwenda tu au na kurudi. Magari ya abiria yapo ila yanajaa sana na mtoto atapakatwa njia nzima. Wiki ya pili ya likizo kuendelea ni salama zaidi kuliko ya kwanza, barabara inakuwa imepata jua.

Malazi yapo ya hifadhi yenyewe Sigi na Amani, ya kawaida tu, safi, na kuna watu binafsi wachache. Pigeni simu mapema, likizo vikundi vya wanafunzi vinakuja. Ulizeni mambo matatu, maji ya moto, umeme, na nani anapika. Chakula mara nyingi unaagiza kabla, ukifika saa mbili usiku unaulizia ugali na kuku utasubiri kuku akamatwe. Nunueni Muheza matunda, mkate, maji, betri, dawa za bi mkubwa zitosheleze siku zote na mbili za ziada. Viingilio vya hifadhi ni vya TFS, wakala wa misitu wa serikali, na malipo ni kwa kontro namba, kwa simu, kwa hiyo wekeni hela kwenye simu kabla hamjapanda maana mtandao huko unakuja na kuondoka. Bebeni vitambulisho, raia wa Afrika Mashariki analipa tofauti na mgeni.

Nguo ni suruali ndefu, soksi juu ya suruali, kuna siafu na kuna upupu. Buti la mpira la elfu chache la sokoni linafanya kazi kuliko raba nyeupe. Koti la mvua kila mtu. Nyoka wapo kama msitu wowote, yupo kifutu wa msituni mnene anayelala kwenye majani makavu wala hajisumbui kukimbia, ndo sababu ya kutotoka kwenye njia na kutokaa juu ya gogo bila kulipiga kwa fimbo kwanza. Chandarua tumieni, hasa Sigi ambako ni chini.

Pwani sasa. Pangani mjini ni karibu na rahisi, ila kwa mchanga mzuri ningevuka mto kwenda Ushongo, ulizieni hali ya kivuko wiki hiyo hiyo. Kasa wa kijani wanataga fukwe zile na mwezi wa sita kuna viota vinavyoangua, wenyeji wanaolinda viota wanajua siku, mkibahatika watoto wataona vitoto vya kasa vikikimbilia maji. Mbele yake baharini kuna Maziwe, hifadhi ya bahari tangu 1975, zamani kisiwa chenye miti, sasa ni tuta la mchanga ambalo maji yakijaa linazama lote, kwa hiyo safari inafuata maji kupwa na si saa mnayotaka nyie. Na kama mtoto bado analilia tembo, kusini yake kuna Saadani, mbuga inayofika hadi ufukweni, ila udongo wake mweusi ukilowa gari halitoki, mwezi wa sita mwanzoni msithubutu bila kuuliza.

Siku ya kushuka Amani malizeni malipo na mizigo usiku, mkishuka na magari ya abiria yanaondoka alfajiri sana na hayasubiri mtu anayetafuta kiatu. Na bi mkubwa akae mbele na dereva.